Lango Likibanwa Kifuani: Dawa Zinazolegeza Mishipa ya Mapafu

Mkazi wa Tororo, Malaba au Busia hahitaji kufundishwa maana ya msururu. Tangu utoto wake ameyaona malori yatokayo bandari ya Mombasa yakisimama moja nyuma ya jingine, yakingojea zamu ya kuvuka mpaka. Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipoingia na madereva wakalazimika kupimwa kabla ya kuvuka, msururu wa Malaba ulirefuka kilomita nyingi ndani ya Kenya. Barabara ilikuwa nzima, malori yalikuwa mazima, na mizigo ilikuwa imefungwa vizuri. Kilichokuwa chembamba ni lango tu.

Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi pamoja na jamaa zao majumbani, juu ya lango jingine la namna hiyo. Lango hilo limo kifuani mwa kila mwanadamu, nalo ni mishipa midogo ya damu iliyomo mapafuni. Likibanwa, damu hupanga msururu, moyo huchoka kusukuma, na mtu ambaye jana alikuwa na nguvu zake hushindwa kubeba ndoo ya maji. Zipo dawa za kulilegeza lango hilo. Lakini dawa hizo zina masharti yake, na asiyeyajua masharti hayo aweza kumdhuru ampendaye.

NDOO YA MAJI

Jirani yangu mmoja hapa Tororo ni mke wa koplo wa polisi. Alizaliwa na kukulia ufukoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Majanji katika wilaya ya Busia, ambako wazee wake walikuwa wavuvi. Alikuwa mwanamke mchapa kazi, asiyejua kukaa bure. Yapata miaka mitatu iliyopita alianza kupumzika njiani akitoka bombani. Kwanza alipumzika mara moja, kisha mara mbili, na mwishowe akawa anaitua ndoo kila baada ya hatua chache. Majirani wengine walinong'ona kuwa ni uvivu, wengine wakasema ni mimba. Alipewa dawa ya pumu, akaivuta miezi mingi bila nafuu. Miguu ikaanza kumvimba jioni. Siku moja akazimia mlangoni mwa jiko lake, mwiko ungali mkononi.

Ndipo alipopelekwa katika hospitali ya rufaa, na kutoka huko akaenda Kampala, ambako moyo wake ulipimwa kwa mashine itumiayo mawimbi ya sauti, kipimo ambacho madaktari hukiita eko. Baada ya kipimo hicho na vingine vilivyofuata, aliambiwa kwamba hakuwa na pumu hata kidogo. Shinikizo la damu ndani ya mapafu yake lilikuwa limepanda mno, na upande wa kulia wa moyo wake ulikuwa umetanuka kwa taabu ya kushindana nalo. Chanzo chake, kwa maoni ya madaktari, kilikuwa kichocho alichokipata utotoni ziwani, kikakaa mwilini mwake miaka mingi bila kutibiwa.

Alirudi nyumbani na vidonge, na vidonge hivyo ndivyo vilivyoleta fitina. Koplo alisoma jina lililoandikwa juu ya pakiti, nalo lilikuwa sildenafili. Usiku ule ule alivificha. Siku ya nne alikuja kwangu, pakiti mkononi, uso umemwiva kwa hasira na aibu.

"Mwalimu," aliniambia, maana watu wa mtaa wetu wangali wakiniita hivyo kwa sababu ya cheti changu cha ualimu, ijapokuwa siku hizi kazi yangu ni ya ofisini, "dawa hii naijua. Inauzwa kwa wanaume, na vijana kambini huitania kila siku. Mke wangu ana haja gani nayo?"

"Afande," nilimjibu, "nami sijui. Lakini kabla hujaitupa, twende tukamwulize mtu aliyesomea kazi hiyo."

Asubuhi tulimkuta mama mmoja muuguzi, mtu mzima aliyefanya kazi wodini miaka mingi. Swali lake la kwanza halikuhusu aibu ya koplo. Aliuliza, "Mgonjwa amekosa dawa siku ngapi?" Aliposikia kuwa ni siku nne, alisimama. "Mpeni leo hii, kama alivyoandikiwa, kisha nileteeni nimwone. Dawa hii haikatizwi ghafla. Lango lililokuwa limelegea laweza kubana tena kwa nguvu." Kwa kweli, tangu siku ya tatu mke wa koplo alikuwa amekwisha kushindwa kulala chali.

Mengi ya yafuatayo nilianza kuyasikia kwa muuguzi yule, kisha nikayatafuta mwenyewe vitabuni, kwa kuwa niliona haya kwamba nilikuwa nimefundisha somo la mwili wa binadamu bila kulijua jambo hili.

NJIA YA DAMU

Moyo una pande mbili. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuisukuma mapafuni. Huko damu huacha hewa chafu na kuchukua oksijeni. Kisha huingia upande wa kushoto wa moyo, ambao huisukuma mwilini kote. Mtu mzima aliyetulia hupitisha mapafuni mwake kiasi cha lita 5 za damu kila dakika.

Tuseme upande wa kulia wa moyo ni bandari ya Mombasa, mahali mzigo unakoanzia safari. Mishipa midogo ya mapafu ni lango la Malaba. Upande wa kushoto wa moyo, pamoja na vali zake, ni daraja la Mto Nile kule Jinja. Na mwili ni Kampala, ambako watu wanaungojea mzigo. Msomaji aishike picha hii, kwa maana tutairudia.

Katika mapafu yenye afya lango ni pana, na damu hupita bila kusukumwa sana. Shinikizo la kawaida humo ni wastani wa milimita 14 hivi za zebaki. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2022 unahesabu kuwa shinikizo limezidi likipita wastani wa milimita 20. Hapo kabla kipimo kilikuwa 25. Hesabu hiyo si ile tuipatayo kliniki kwa kitambaa kifungwacho mkononi. Kitambaa hupima shinikizo la mwili mzima, wala hakiwezi kuona kinachotendeka mapafuni. Mtu aweza kupimwa mkono na kuambiwa yu mzima, kumbe mapafuni mwake mambo yameharibika. Eko hukisia shinikizo hilo, na uthibitisho kamili hupatikana kwa mrija mwembamba upitishwao ndani ya mshipa hadi moyoni.

KWA NINI MISHIPA HUBANA?

Ukuta wa mshipa una misuli laini, ambayo hukaza na kulegea bila sisi kuamrisha. Katika mapafu misuli hiyo ina desturi ya ajabu. Mwaka 1946 wataalamu wawili wa Sweden, von Euler na Liljestrand, walionyesha kwa kuwachunguza paka kwamba oksijeni inapopungua, mishipa ya mapafu hukaza. Mahali pengine mwilini mambo huwa kinyume: oksijeni ikipungua, mishipa hupanuka.

Desturi hiyo ina hekima yake. Ikiwa sehemu moja ya pafu imeziba na haina hewa, hakuna faida ya kupeleka damu huko. Mwili hufanya kama ofisa wa barabara afungaye njia iendayo soko lisilo na bidhaa, ili magari yaelekezwe kwenye soko lililojaa. Mtoto tumboni mwa mama hunufaika vivyo hivyo. Mishipa ya mapafu yake hukaa imebana, kwa kuwa oksijeni huipata kwa mama. Anapozaliwa na kuvuta pumzi ya kwanza, mishipa hiyo hufunguka. Kilio kile tukifurahiacho ni sauti ya lango linalofunguliwa kwa mara ya kwanza. Wako watoto wachache ambao lango lao hukataa kufunguka, nao huhitaji msaada wa haraka.

Taabu huanza pale pafu zima linapokosa hewa ya kutosha, kwa maana hapo njia zote hufungwa kwa pamoja. Askari wanaopanda milima mirefu yafaa walijue jambo hili. Kilele cha Mlima Elgon kimefikia mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, na hatari hii yaweza kuanza tangu mita 2,500 hivi. Mtu apandaye kwa haraka aweza kubanwa mishipa ya mapafu kwa nguvu hata maji yakavuja na kuingia ndani ya mapafu. Akianza kuhema ilhali amekaa tu, na kukohoa povu, dawa ya kwanza ni kumteremsha bila kukawia na kumpa oksijeni. Ikiwa kuteremka hakuwezekani, daktari hutumia nifedipini, dawa ambayo huzuia chumvi ya kalisi isiingie kwa wingi katika misuli ya mshipa, na misuli isiyopata kalisi hulegea.

Kubana kwa muda ni jambo moja, na kubana kwa miaka ni jambo jingine. Mshipa uliokaa umekaza muda mrefu huanza kunenepa ukuta, kama mkono wa mpasua kuni unavyoota sugu. Hapo hata misuli ikilegea, njia hubaki nyembamba. Ndiyo maana kuchelewa hospitali kuna gharama ambayo kidonge hakiwezi kuilipa yote.

TARISHI NA MLINZI WAKE

Sasa tuitazame dawa iliyomgombanisha koplo na mkewe. Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Robert Furchgott, alieleza kwamba ngozi nyembamba iliyotandwa ndani ya mshipa hutoa kitu kinachoulegeza mshipa wenyewe. Baadaye ilifahamika kuwa kitu hicho ni gesi iitwayo nitriki oksaidi, ambayo huishi kwa sekunde chache tu. Furchgott na wenzake Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kazi hiyo.

Gesi hiyo ikiingia katika misuli ya mshipa huamsha kemikali fulani, ambayo twaweza kuiita tarishi. Tarishi huyo hubeba amri moja: legeza. Lakini mwili hautaki misuli ilegee siku zote, kwa hiyo kipo kimeng'enya ambacho kazi yake ni kumwondoa tarishi baada ya muda mfupi. Sildenafili humzuia mwondoaji huyo. Tarishi hukaa zaidi, na amri yake husikika zaidi. Dawa hii haileti nguvu mpya mwilini. Huiacha tu amri iliyokwisha kutolewa na mwili ifanye kazi yake.

Kimeng'enya hicho hupatikana mahali pawili kwa wingi: katika mapafu, na katika viungo vya uzazi vya mwanamume. Hiyo ndiyo siri yote ya vidonge vya koplo. Dawa ilianza kujaribiwa na kampuni ya Pfizer nchini Uingereza kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, haikufaa sana, ila wanaume walioitumia wakaona mabadiliko mengine. Mwaka 1998 iliruhusiwa Marekani kwa jina la Viagra, na jina hilo likaenea dunia nzima. Mwaka 2005 iliruhusiwa tena kwa ugonjwa wa mishipa ya mapafu, kwa wanawake na wanaume sawasawa, kwa kipimo kidogo cha miligramu 20 mara tatu kwa siku. Katika uchunguzi wa wagonjwa 278 uliochapishwa mwaka huo, waliopewa kipimo hicho kwa wiki 12 waliweza kutembea, kwa muda wa dakika 6, kiasi cha mita 45 zaidi ya wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa mtu mzima mita 45 si kitu. Kwa mke wa koplo, ni safari ya kutoka mlangoni hadi bombani.

Dawa hii ina ndugu zake. Mwaka 1988 wataalamu wa Japani waligundua kemikali ya mwili iitwayo endothelini, ambayo hukaza mishipa kwa nguvu kubwa. Bosentani, iliyoanza kuruhusiwa mwaka 2001, huizuia isifanye kazi hiyo. Atumiaye bosentani hupimwa ini mara kwa mara, na mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kuimeza. Iko pia prostasiklini, iliyogunduliwa mwaka 1976, ambayo hulegeza mishipa vizuri sana lakini huishi dakika chache tu katika damu, hata ikabidi mgonjwa aipokee mchana na usiku kwa pampu. Na iko oksijeni yenyewe. Kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yamepungukiwa na hewa, hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kulegeza mishipa, ijapokuwa wengi wetu twaiona kama hewa tu ndani ya chupa ya chuma.

WIFI WA BUSIA

Mke wa koplo alipopata nafuu, habari zilivuka mpaka. Dada yake koplo ameolewa Busia, upande wa Kenya, na mji ule, kama ijulikanavyo, ni mji mmoja uliogawanywa na mpaka. Naye alikuwa na dalili zile zile: kuhema, miguu kuvimba, kushindwa kulala bila mito miwili. Alikuja Tororo kumtazama mgonjwa, akamkuta anapepeta mchele.

"Wifi," alimwambia, "kumbe umepona! Nigawie nami vidonge hivyo hata kumi. Ugonjwa wetu ni mmoja."

Katika mila zetu ni vigumu kumnyima wifi. Mke wa koplo alikuwa amekwisha kuishika pakiti. Aliyezuia ni koplo mwenyewe, yule yule aliyevificha vidonge kwa aibu. "Dada," alisema, "kwanza upimwe. Usipopimwa sikupi hata kimoja." Wifi alinuna, akasema kaka yake amekuwa mchoyo, akaondoka siku ile ile. Lakini alikwenda kupimwa.

Eko ilionyesha kwamba mapafu yake hayakuwa chanzo cha ugonjwa. Vali iliyo katika upande wa kushoto wa moyo wake ilikuwa imekakamaa na kuwa nyembamba, kovu la homa ya rumatiki aliyoipata utotoni baada ya maumivu ya koo.

Sasa msomaji airudie picha yetu ya barabara. Mke wa koplo alikuwa amebanwa lango la Malaba, na daraja la Jinja lilikuwa wazi. Kulegeza lango kulimfaa, kwa kuwa mzigo ulipata njia mpaka Kampala. Wifi yake alikuwa amebanwa daraja la Jinja. Msururu wake ulikuwa umerudi nyuma mpaka langoni, nalo lango likaonekana limejaa, lakini kosa halikuwa lake. Je, ofisa akilifungua lango la Malaba wazi kabisa hali daraja la Jinja limefungwa, kutatokea nini? Malori yataingia kwa wingi na kujazana Tororo, Bugiri na Iganga, hata pasiwe na mahali pa mtu kupita. Ndivyo yalivyo mapafu. Mgonjwa wa namna ya wifi akimeza dawa ya kulegeza mishipa ya mapafu, damu yaweza kuingia kwa wingi na kukosa pa kutokea, maji yakavuja ndani ya mapafu, na mtu akazama angali kitandani kwake.

Vidonge kumi alivyoviomba kwa wema, na ambavyo nusura apewe kwa wema, vingeweza kumwua. Badala yake alipewa dawa za kupunguza maji mwilini na sindano za penisilini, naye anangojea matibabu ya vali. Wagonjwa wa aina yake si wachache. Katika uchunguzi uliofanywa katika nchi nne za Afrika na kuandika habari za wagonjwa 220 wenye shinikizo kubwa la damu la mapafu, chanzo kilichoongoza kwa mbali kilikuwa ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo.

Hata wagonjwa wa selimundu, maradhi yanayojulikana sana mashariki ya Uganda, hawalingani na mke wa koplo. Chembe zao za damu zikivunjika huinyonya nitriki oksaidi, na mishipa ya mapafu yao huweza kubana. Mtu angedhani sildenafili ndiyo jibu. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa hao Marekani na Uingereza, uchunguzi ulisimamishwa mwaka 2009, kwa kuwa waliopewa dawa walipatwa na maumivu makali mara nyingi zaidi. Kadhalika mjini Jinja, kati ya mwaka 2011 na 2013, watoto 180 wenye malaria kali walishiriki katika jaribio la kuvutishwa gesi ya nitriki oksaidi pamoja na dawa yao ya malaria. Gesi hiyo haikuleta nafuu iliyotarajiwa. Twajifunza kwamba kulegeza mshipa si sawa na kuponya ugonjwa. Sababu hutafutwa kwanza, dawa hufuata.

MAMBO YALIYO MIKONONI MWETU

Dawa hizi ni za kitaalamu, lakini vyanzo vingi vya ugonjwa huu hupita katika nyumba zetu, nasi twaweza kuviziba.

Kwanza ni kichocho. Konokono wa ziwani huachilia vijidudu majini, navyo hupenya ngozi ya mtu aogaye, afuaye au avuaye. Minyoo ikikomaa hutaga mayai, mayai hukwama katika ini, na kadiri ini linavyokuwa gumu mengine hupata njia ya kufika mapafuni. Dawa yake, prazikwanteli, humezwa kwa uzito wa mtu. Wenye watoto Majanji, Sio Port na Port Victoria wasiwafiche watoto wao siku ya ugawaji wa dawa.

Pili ni maumivu ya koo kwa watoto. Koo lenye homa na tezi za shingo zilizovimba lipelekwe kwa mganga, kwa kuwa penisilini huweza kuzuia homa ya rumatiki. Kwa mtoto ambaye vali zake zimeanza kuguswa pia liko tumaini. Uchunguzi uliofanywa kaskazini ya Uganda na kuchapishwa mwaka 2021 uliwafuata watoto 818 kwa miaka miwili. Miongoni mwa waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki nne, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu. Miongoni mwa wasiochomwa, uliendelea kwa asilimia 8.2.

Tatu ni moshi. Jiko la kuni lililofungiwa ndani bila dirisha huchosha mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni. Kifua kikuu nacho kitibiwe mpaka mwisho wa dozi, maana makovu yake hubaki.

Nne ni uzazi. Mwanamke mwenye shinikizo kubwa la damu la mapafu akishika mimba huwa katika hatari kubwa ya kufa. Yafaa mume na mke waende pamoja kuuliza juu ya uzazi wa mpango.

Tano, na hili nawaambia hasa akina baba. Anunuaye sildenafili dukani bila cheti cha daktari ajue kwamba ikikutana mwilini na dawa za moyo za jamii ya nitrati, shinikizo la damu laweza kuporomoka ghafla mpaka mtu akafa. Pia ritonavi, iliyomo katika baadhi ya mchanganyiko wa dawa za Ukimwi, huifanya ijae mwilini kupita kiasi. Anayetumia dawa yoyote kati ya hizo amwambie daktari bila kuona haya.

MFICHA MARADHI

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliofunzwa amri na nidhamu hupenda kuficha: askari huficha kuhema kwake asije akaonekana dhaifu gwaride, mke huficha uvimbe wa miguu asije akaitwa mvivu, na mume huficha kidonge asichekwe na wenzake. Mtu ahemaye kwa kazi iliyokuwa nyepesi kwake mwezi uliopita, azimiaye, avimbaye miguu, au ambaye dawa ya pumu haimsaidii, aombe moyo wake upimwe.

Juma lililopita nilipita nyumbani kwa koplo jioni. Alikuwa ameketi kibarazani na sare yake, saa mkononi, akihesabu vidonge vya juma zima na kuvigawa katika vikopo vitatu: cha asubuhi, cha mchana na cha usiku. Kijana mmoja wa kambini alipita, akaona pakiti, akaanza kucheka.

"Njoo hapa, kijana," koplo alimwambia bila kuinua uso. "Keti nikueleze kazi ya dawa hii."

Mkewe alikuwa akitoka bombani, ndoo kichwani. Aliitua mara moja tu njiani, akavuta pumzi, akaibeba tena mpaka mlangoni.